Gavana Aliyekuwa Rais Mara Kumi na Moja

Royce Kittredge alikuwa amekwisha kuwa rais wa Marekani mara kumi na moja, na mara zote hizo alikuwa rais katika chumba cha chini cha maktaba ya mji, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana. Nje ya chumba kile hakufika hata Seneti. Alikuwa gavana wa jimbo la makaa ya mawe, akaanguka kwenye kura za mchujo za Seneti mwaka 1970, akajiuzulu, akazama kwenye ulevi, na miaka minne baadaye mfagiaji wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu akamkuta amekufa, amevaa tai na soksi tu. Lakini wazee wa Klabu ya Jumamosi walimpenda kama watu wanavyompenda mtoto aliyekufa kabla hajawaudhi.

Kazi ya klabu ilikuwa moja tangu ianze. Unachukua mwanasiasa aliyeshindwa, unabadilisha jambo dogo katika maisha yake, kisha unamwandikia yale ambayo angeyafanya, mwaka kwa mwaka, uchaguzi kwa uchaguzi, hadi kaburini. Jambo lile dogo waliliita bawaba, kwa kuwa mlango mzima huning'inia hapo. Sheria za bawaba zilikuwa tatu, zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Wilma Dotson, mwalimu mstaafu wa historia na katibu wa klabu, mwanamke aliyeweza kukurudishia kadi yako ya Krismasi akiwa ameisahihisha. Bawaba iwe moja tu. Iwe jambo lililokaribia kutokea. Na iwe jambo ambalo halikutokea.

Ile ya tatu Wilma aliipigia mstari mwekundu kwa sababu ya Cecil Ratliff. Cecil, kinyozi wa mtaa wa mahakama, aliwahi kuwasomea saa nzima maisha ya seneta aliyeokolewa na hotuba moja motomoto, halafu ikagundulika kwamba hotuba yenyewe ilitolewa kweli na yule bwana akashindwa vilevile. Wenzake walimcheka mwaka mzima.

Mwenye kuamua kama bawaba inafaa au haifai alikuwa Emory Stallard. Alikuwa na mhuri wa mpira wenye neno YAWEZEKANA, na kidau cha wino wa bluu. Hakuna aliyempigia kura apewe kazi ile. Alipewa kwa sababu alikuwepo. Akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa alikuwa msaidizi wa Kittredge, meza yake iko chini ya ngazi za ofisi ya gavana, kila simu inapitia mkononi mwake. Wengine walikuwa wamesoma habari za Kittredge magazetini. Emory alikuwa amemshikia koti. Kubishana na Emory kuhusu Kittredge ni sawa na kubishana na mke wa mtu kuhusu anavyokoroma.

Yeye mwenyewe alijiambia kwamba aliingia klabu kwa mapenzi ya historia. Uongo huo aliuzoea hata ukawa hauumi. Ukweli ni kwamba aliingia kulinda mlango.

Maana Ijumaa ya tarehe nane Mei, mwaka 1970, saa kumi na dakika ishirini mchana, simu ililia mezani pake. Aliyepiga alikuwa Hobart Blevins, mlinzi wa bwawa la matope ya makaa juu ya bonde la Caney. Alisema ukuta wa bwawa umelainika, unabonyea, maji yanatoka chini yake, na watu wa bonde waondolewe kabla usiku haujaingia. Emory aliandika kwenye kikaratasi. Kutoka mezani pake hadi mlango wa gavana zilikuwa ngazi kumi na nne. Gavana alikuwa juu anafunga tai, anakwenda kwenye mkutano wa kampeni. Kura ni Jumanne. Kampuni iliyomiliki bwawa ndiyo iliyolipia matangazo ya gavana kwenye televisheni. Emory alisimama pale akapiga hesabu za kura, akaona kwamba bwawa lililokaa miaka tisa haliwezi kushindwa kukaa siku tano zaidi. Akakitia kikaratasi mfukoni, akajiambia atakitoa Jumatano.

Bwawa lilipasuka Jumamosi saa mbili asubuhi. Watu arobaini na watatu walikufa, akiwemo Estep, mwenye duka ambamo Hobart alikwenda kupiga simu, na mke wa Hobart, na mwanawe wa kiume. Mbele ya tume ya uchunguzi Hobart alisema alipiga simu. Emory akaweka mkono juu ya Biblia akasema siku ile hakuna simu yoyote iliyoingia kuhusu bwawa. Mmoja alikuwa na suti na mwingine alikuwa na matope kwenye kucha. Tume ikaandika kwamba mlinzi aliacha lindo lake, kisha akatunga habari ya simu ili kujiokoa. Hobart aliishi miaka kumi na tisa mingine akiitwa mwongo na muuaji, na alipokufa watu wa Caney walikataa azikwe kwenye makaburi ya kanisa, walikolala waliokufa na bwawa. Walimzika ng'ambo ya barabara, nyuma ya kiwanda cha mbao.

Binti yake Nadine, ambaye siku ile alikuwa amelala kwa bibi yake juu ya mlima, sasa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpeleka barua, na mwanachama wa Klabu ya Jumamosi.

Alijiunga miaka minne iliyopita. Kila mwaka, zamu yake ikifika, alileta bawaba ileile: simu ya baba yake inapokelewa, gavana anaambiwa. Na kila mwaka Emory aliusukuma mhuri pembeni akasema, "Haifai, Nadine. Bawaba lazima iwe imekaribia kutokea. Simu isiyopigwa haiwezi kupokelewa. Tume ilishasema." Mara tatu alisema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa. Mara tatu Nadine alikunja karatasi zake, akakaa, akanywa supu yake na wenzake bila kinyongo. Upole ule wa Nadine ndio uliomnyima Emory usingizi, zaidi kuliko kama angemtukana.

Jumamosi hii ya Novemba walikuwa wanne tu, wengine wamekwenda kuwinda paa. Sufuria ya Wilma ya maharage na nyama ya nguruwe ilikuwa inatokota juu ya jiko la umeme, na mkate wa mahindi umefunikwa taulo.

"Haya, binti Nadine," alisema Cecil, "zamu yako. Na leo nakuomba, usituletee tena ile simu. Mwaka jana mlibishana mpaka supu yangu ikaganda."

"Cecil, heshima," alisema Wilma.

"Heshima ninayo tele, Mwalimu. Ninachokosa ni supu ya moto."

Nadine alicheka. Hilo lilimshangaza Emory, maana kwa kawaida zamu ikifika alikuwa mtu wa wasiwasi mwingi. Leo alitoa karatasi zake kwenye mkoba wa posta ametulia, kama mtu aliyekwisha kulia kabla hajatoka nyumbani.

"Nimeleta nyingine," alisema. "Sikilizeni. Bawaba. Ijumaa, tarehe nane Mei, 1970. Hobart Blevins, mlinzi wa bwawa la Caney, anaona ukuta umelainika. Anatembea hadi dukani kwa Estep. Anapiga simu."

Wilma alinyanyua kalamu.

"Anapiga? Hiyo si ileile?"

"Hapana, Mwalimu. Zile nyingine niliandika kwamba simu ilipokelewa. Bwana Stallard akanikatalia, na alikuwa na haki, simu haikuwepo. Basi nimelikubali hilo. Bawaba si kupokea, ni kupiga. Baba hakupiga simu." Alilisema polepole, akilijaribu mdomoni. "Baba hakupiga simu. Lakini hapa kwenye karatasi, anapiga."

Emory alihisi damu inamtoka usoni. Miaka minne alikuwa amekaa tayari kumzuia mwanamke huyu asiingie, na sasa mwanamke mwenyewe ameamua kurudi nyumbani, na amemfungia mlango kwa nje.

Nadine akasoma. Alisoma vizuri kuliko siku zote. Katika maisha yale aliyoyatunga, gavana anafuta mkutano wa kampeni, anapanda gari kwenda Caney mwenyewe, anagonga milango kwa mkono wake mpaka giza linaingia. Asubuhi ukuta unapasuka na matope yanapita kwenye nyumba tupu. Picha ya Kittredge akiwa amebeba kizee mgongoni inatoka kwenye magazeti ya nchi nzima. Jumanne anashinda kata zote isipokuwa mbili. Anaingia Seneti, anatunga sheria ya mabwawa, anagombana na wenye migodi, wanamtafuta wamwangushe na hawampati. Januari 1977 anaapishwa kuwa rais kwenye theluji, bila kofia.

"Bila kofia!" Cecil alipiga meza. "Huyo ndiye Kittredge! Yule mtu hakuvaa kofia hata mvua ya mawe."

Lakini Emory alikuwa bado amekwama nyuma, kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye mistari mitatu ambayo Nadine aliisoma bila kuinua macho. Msaidizi kijana wa gavana, Emory Stallard, anaipokea simu. Anaiacha kahawa yake mezani. Anapanda ngazi mbio.

"Nimekuandika vizuri, Bwana Stallard," alisema Nadine alipomaliza. "Natumaini hukuchukia. Nilijiuliza, simu ile ingepigwa, nani angeipokea? Nikajua ungepanda ngazi. Si ungepanda?"

"Huyu?" alidakia Cecil. "Angepanda mbili mbili! Wakati ule alikuwa bado na magoti."

Wote wakacheka, na Emory akacheka nao. Anakionea aibu kicheko kile hadi leo, ikiwa bado yuko hai wa kuona aibu.

"Mwamuzi?" alisema Wilma, daftari la klabu limefunguliwa mbele yake. "Bawaba ni moja. Ilikaribia kutokea, maana mlinzi alikuwepo na simu ya dukani ilikuwepo. Na haikutokea. Mimi sioni kasoro."

Emory alifungua kidau cha wino. Alijiambia kwamba karatasi ni karatasi. Alijiambia Hobart ameshakufa na hasikii. Alijiambia yote ambayo mtu hujiambia, yalikuwa mengi na alikuwa na uzoefu nayo. Akagonga mhuri daftarini: YAWEZEKANA. Chini yake, kama ilivyo desturi, akatia sahihi yake kuthibitisha kwamba jambo hilo halikutokea. Wilma akapuliza wino ukauka.

Wakapakua supu. Nadine alichukua bakuli lake akaja kukaa kando ya Emory, karibu na bomba la kupasha chumba joto.

"Nataka nikushukuru," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa lipi?"

"Kwa kunikatalia zile mara tatu. Nilikuchukia, sikufichi. Nilikuwa nikileta barua zako naziangusha kwenye theluji makusudi."

"Niliona zimelowa."

"Basi ndiyo hivyo." Alitabasamu. "Tangu nikiwa msichana nilikuwa nawaambia watu, baba alipiga simu, baba alipiga simu. Shuleni wakanipiga. Mume wangu wa kwanza alichoka nayo akaondoka. Nilichoka na mimi. Jumatano nilikwenda kwa mchungaji wa Caney. Unajua kila mwaka nilikuwa namwomba baba ahamishiwe upande wa kanisa, alale na mama?"

Emory alitikisa kichwa. Hakujua. Hakuwahi kuuliza.

"Nikamwambia sitaomba tena. Kama hakupiga simu, watu wa Caney wana haki yao, wale ni watoto wao. Kesho ibadani nitasimama niwaombe radhi kwa kuwasumbua miaka yote hii. Nisingeweza kufika huko bila wewe. Mtu mwingine angenionea huruma akanigongea mhuri tu. Wewe ulisimama kwenye ukweli."

Emory aliweka kijiko chini. Kilichomshinda hakikuwa hofu ya Mungu wala sheria. Sheria isingemfanya kitu tena, na kwa Mungu alikuwa amezoea kupita pembeni. Kilichomshinda ni lile neno ukweli, limesemwa kwa shukrani, na mwanamke aliyeshika mkate wa mahindi. Alijua kwamba akimeza kijiko kimoja zaidi cha supu ile hatasema kamwe, na kesho mtoto wa Hobart Blevins atasimama kanisani amkane baba yake mbele ya watu.

"Wilma," alisema. Sauti ilimtoka imekauka. "Lete daftari."

"Kuna nini? Kula kwanza."

"Lete daftari. Bawaba haifai."

Cecil aliguna. "Emory, jamani. Mwache mtoto wa watu. Leo kafanya vizuri."

"Sheria ya tatu," alisema Emory.

Wilma aligeuka kutazama ukutani, kwenye mwandiko wake mwenyewe, akaisoma kwa sauti kwa mazoea ya darasani. "Iwe jambo ambalo halikutokea." Kisha akamtazama Emory juu ya miwani. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa, na uso wake ulianza kubadilika kabla ya wengine.

"Lilitokea," alisema Emory. "Hobart Blevins alipiga simu. Saa kumi na dakika ishirini. Niliipokea mimi. Sikupanda ngazi."

Bomba la joto liligonga gonga ukutani. Nadine hakusogea. Alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeongea lugha ya kigeni, kwa adabu, akingoja afasiriwe.

"Usinionee huruma, Bwana Stallard," alisema hatimaye. "Tafadhali. Nimeshafika mbali. Usinirudishe nyuma kwa huruma."

"Si huruma."

"Kila mtu anajua saa. Baba aliisema mwenyewe kwenye tume. Imo kwenye vitabu."

"Alikuwa na buti moja," alisema Emory.

Mkate ulimponyoka Nadine.

"Alisema, bwana, ukuta huu ni uji, nimezama mpaka magotini, umenimezea buti, nimefika hapa dukani mguu mmoja mtupu. Akacheka kidogo. Nadhani alicheka kwa aibu. Nikamuuliza jina, akalitaja herufi kwa herufi, kwa sababu alidhani naandika barua rasmi. Niliandika. Kisha nikakiweka kikaratasi mfukoni." Aligusa kifua cha sweta yake, mahali ambapo koti la wakati ule lilikuwa na mfuko. "Jumamosi usiku nilikichana chooni."

Kwenye tume hakuna aliyeuliza habari za buti, na Hobart hakuisema. Nadine aliinua mkono akajifunika mdomo. Alipoongea, aliongea na meza.

"Alirudi nyumbani anachechemea. Mama alimcheka. Alimwambia, Hobart, wengine hupoteza kofia. Akamwekea lile lililobaki barazani. Halafu mimi nikaenda kwa bibi." Akapumua. "Hilo sijamwambia mtu. Hata waume zangu. Nilikuwa nalo peke yangu."

Mtu mwenye akili angeliacha jambo hapo. Lakini klabu ilikuwa imempa Cecil Ratliff miaka kumi na saba ya tabia, na tabia ile ikamtoka kinywani kabla hajaishika.

"Kumbe basi," alisema, macho yamemtoka, "ngazi kumi na nne tu! Kittredge angechukua Jumanne ile kweli! Na kwa Seneti ya mwaka ule, na watu wa majimbo ya kusini wakiwa vile walivyokuwa, mtu huyu angeweza..."

"Cecil," alisema Nadine.

"Mimi nasema tu kwamba..."

"Cecil, nyamaza, la sivyo nitakumwagia supu hii usoni."

Masikini Cecil, alikuwa na machozi. Hakujua tu pa kuyapeleka.

Nadine alisimama. Alilivuta daftari kutoka kwa Wilma, akalisukuma mbele ya Emory, akamwekea kalamu juu yake.

"Kata sahihi yako. Andika sababu."

Emory aliikata. Aliandika: Jambo hili lilitokea. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, akaurudia ili usomeke.

"Sasa fungua ukurasa mpya. Humu ndani mmempa Kittredge urais mara ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Wilma taratibu. "Na leo kumi na mbili."

"Mnajua angevaa nini siku ya kuapishwa. Na mimi nilikuwa nanyi, nimemwandika bila kofia, nikajiona nimefanya la maana." Sauti yake ilipasuka, akaikusanya tena. "Nimesoma kurasa ishirini za gavana hapa leo. Mama yangu hana hata mstari mmoja wake mwenyewe. Anaokoka kwenye ukurasa wa kwanza, halafu namwacha barazani namkimbilia Kittredge. Niandikie baba yangu, Bwana Stallard. Bawaba ni ngazi. Umepanda. Niandikie Jumamosi yake, na mwaka wa sabini na moja, na wa sabini na mbili, mpaka mwisho. Kesho saa nne asubuhi utasimama kanisani Caney uwasomee. Uanze na ile simu."

"Wataniua," alisema Emory. Hakuwa anatafuta huruma. Aliwajua watu wa Caney.

"Hawatakuua. Watafanya kama walivyomfanya yeye. Watakupa mgongo, utaishi." Alivaa koti lake la posta, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Mlangoni alisita kidogo. "Usipokuja nitalisoma mwenyewe hilo daftari. Lakini ni bora uje."

Wakasikia hatua zake zikipanda kwenda juu, na mlango mzito wa maktaba ukajifunga.

Emory alishika kalamu. Alikuwa amemwandikia Kittredge maisha mengi, wino ulikuwa ukimtiririka, alijua kura zingeangukaje kata kwa kata na nani angesaliti mwaka gani. Akaandika: Jumamosi, tarehe tisa Mei, 1970, asubuhi. Hobart Blevins ameketi mlimani juu ya Caney, mguu mmoja hauna buti. Bonde liko tupu. Kando yake wameketi mkewe

Hapo kalamu ikasimama. Alingoja jina lije. Halikuja, maana hakuwa nalo.

"Mke wake aliitwa nani?" aliuliza.

Wilma, ambaye angekutajia kura za mchujo za mwaka ule bila kufungua kitabu, alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta. Cecil aliangalia mikono yake.

"Na yule mtoto?"

"Jiwe la ukumbusho lina majina yote," alisema Wilma. "Liko makaburini, Caney. Mimi... sijafika."

"Wala mimi," alisema Emory.

Alilifunga daftari, akavaa koti. Ilikuwa saa kumi na nusu, na Caney ni maili ishirini kwa barabara ya milimani. Cecil aliuliza kama aje naye, Emory akakataa. Alipanda ngazi za chumba cha chini akiwa amelishika daftari chini ya kwapa, kwa mwendo wa mtu wa miaka sabini, moja moja, akaenda kutafuta majina kabla giza halijaingia.